Mtani Hatolewi kwa Nguvu

Tangu asubuhi redio ilikuwa inasema hayati. Hayati hivi, hayati vile. Hayati Nkwabi Salamba, mbunge wa zamani, naibu waziri wa zamani, aliyefariki siku chache zilizopita akiwa kwenye matibabu India, alikuwa mtu wa watu, asiye na makuu, mpenda maendeleo. Mwamvua binti Kondo alimwaga dagaa kwenye ungo, akapepeta mchanga, akaijibu redio kama anavyoijibu siku zote.

"Asiye na makuu! Mwenzangu, huyo alikuwa akipita hapa sokoni, kioo cha gari hakishuki hata kwa upana wa kidole."

Wateja walicheka. Kwenye meza ya Mwamvua, soko la Shinyanga, wapo wanaofuata dagaa na wapo wanaofuata maneno, na wa maneno ndio wengi. Akifa mtu mkubwa, awe mwanasiasa au mwimbaji au tajiri wa pamba, redio itasema yake na magazeti yatasema yao, lakini sokoni watu husubiri kusikia binti Kondo anasemaje.

Siku hiyo lakini hakuwa anachekesha. Alikuwa na hasira. Siku ileile aliyokufa Salamba, huko Rwamgasa kwenye machimbo ya dhahabu, kifusi kilimfukia Mageni, mtoto wa jirani yake Suzana, kijana aliyelelewa nusu kwa mama yake na nusu kwa Mwamvua, akila huku na kulala kule. Wachimbaji wenzake walimfukua wakampeleka chumba cha maiti Geita mjini. Redio haikumtaja, na Mwamvua hakutegemea imtaje. Ila kusikia jina moja likirembwa kutwa nzima wakati jina jingine halina hata wa kulitamka kulimkera kuliko alivyoweza kueleza.

"Mwenye gari la serikali akifa anaitwa hayati," alimwambia mteja mmoja huku akifunga kipimo cha dagaa kwa gazeti lenye picha ya Salamba. "Sisi wengine ni marehemu. Mageni wangu hata umarehemu hajaupata. Nimesikia wanasema 'mchimbaji mmoja'."

Mwamvua si Msukuma, ingawa Kisukuma anakisema mpaka anakiotea ndoto. Baba yake, Mzee Kondo, alikuwa Mzaramo wa Kisarawe aliyeletwa na reli. Alipangiwa kazi stesheni ya Shinyanga, akapazoea, akazaa, akazikwa hapahapa. Binti yake alizaliwa kwenye nyumba za reli, akaolewa mjini, akafiwa na mume mapema, akaingia kwenye biashara ya dagaa wa Nkome, huko ziwani Geita, na humo amezeekea. Lakini mwulize kabila, atakujibu Mzaramo, tena kifua mbele, maana Uzaramo ndio kazi yake ya pili. Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi za mababu waliokuwa wakitembea kwa miguu hadi pwani na mizigo kichwani.

Na mtani kwenye msiba ana mamlaka ambayo mkuu wa wilaya hana. Huingia bila hodi. Huonja ugali kabla haujaiva. Humtukana marehemu mbele ya mjane, huficha sepetu, hujilaza kaburini jeneza likiwa njiani, na hatoki mpaka apewe kitu. Ukimkasirikia, mwenye kosa ni wewe. Wengine wote msibani wanalazimika kusifu. Mtani peke yake ndiye anayeruhusiwa kusema kile ambacho kila mtu anakijua. Mzee Kondo aliwahi kuingia kwenye kaburi la mwenyekiti wa chama cha pamba, yule aliyekuwa akiwapunja wakulima kwenye mzani, akapaza sauti: "Leo nakupima mimi, na mimi nakupunja!" Watu walicheka, mjane naye akacheka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo watu wakalia kwa kweli.

Mwamvua alirithi kazi hiyo. Shehe wa mtaa alishamkanya kwamba mwanamke wa Kiislamu hana shughuli makaburini, tena makaburi ya Wakristo. Alimjibu, "Shehe wangu, hiyo ni ya dini. Hii ni ya Kizaramo." Shehe alitikisa kichwa akaenda zake, na siku alipofiwa na jirani yake Msukuma, ni yeye aliyetuma mtu kumwita.

Jioni Suzana alikuja mezani. Siku nyingine Mwamvua angempokea kwa kelele, "Mtumwa wangu, umeniletea maziwa?" na Suzana angemjibu kwamba maziwa hayapewi watu wa nazi. Safari hii hakuna aliyemtania mwenzake. Suzana alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kanga ameifunga tumboni kama wafungavyo wafiwa.

"Mtani, gali limechukuliwa," alisema.

"Gari gani? Si ile pikapu ya kumfuata Mageni?"

"Ndiyo hiyo. Mwenyewe anasema imekodiwa na msiba wa Mheshimiwa. Imekwenda kubeba viti. Na matulubai yamekwenda huko. Na masufulia. Mchungaji naye yuko huko. Kila nikigusa naambiwa, mama, subili Mheshimiwa azikwe kwanza." Alikaza fundo la kanga. "Mwanangu yuko kwenye balidi kule Geita, mtani. Peke yake. Mimi nataka alale kwao tu."

Mwamvua aliweka ungo chini.

"Kesho nakwenda kuzika kwa Mheshimiwa. Masalu, mdogo wake, kanitumia ujumbe nisikose. Nitarudi na gari."

"Gali la nani?"

"La Mheshimiwa mwenyewe. Kwani analihitaji tena?"

Suzana alitabasamu kidogo, na kwa tabasamu lile Mwamvua akawa ameshaweka rehani neno lake.

Kijijini kwa akina Salamba, nje kidogo ya mji, ungedhani kuna sherehe. Magari yalipangwa mpaka ndani ya shamba la mtama. Kulikuwa na hema la wageni wa kitaifa, hema la wageni wa mkoa, na mti mmoja mkavu kwa ajili ya wanakijiji. Kamera za runinga zilisimama juu ya vigoda. Kijana mmoja mwenye kitambulisho kinachoning'inia shingoni alimfuata Mwamvua mbio.

"Mama, wewe ndiye burudani?"

"Mimi ni mtani."

"Ndiyo, burudani. Nimekuweka baada ya kwaya, dakika mbili. Utasema nini? Itifaki inataka maneno yako tuyaone kwanza."

"Utani hauonwi kwanza, mwanangu. Ukishaonwa huo umekuwa hotuba."

Kijana hakuelewa, na hakuwa na muda wa kuelewa. Kwaya iliimba. Wakubwa wakasimama mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akisema kwamba ana maneno machache, na hakuna aliyekuwa nayo machache. Kisha ukasomwa wasifu. Hayati alisoma, hayati alitumikia, hayati alijenga. "Hayati," alisema msomaji kwa sauti ya kutetemeka vizuri, "aliwapenda wachimbaji wadogo kama wanawe, na aliwapigania mpaka pumzi yake ya mwisho."

Mwamvua alitazama kulia na kushoto. Waliokaa karibu naye waliangalia chini. Mmoja alikohoa. Sifa za msibani hazijibiwi na mtu mwenye akili zake, labda mtani. Akajiweka tayari, akakaza kilemba. Ndipo mshereheshaji akashika kipaza sauti.

"Kutokana na ufinyu wa muda, na kwa kuwa wageni wetu wana ndege ya kuwahi, kipengele cha watani tunakiruka. Tunaelekea moja kwa moja makaburini."

Kinachorukwa ni maji ya mvua. Mwamvua alitangulia makaburini kwa njia ya uani, akipita kati ya wapishi. Kaburi lilikuwa limejengwa kwa vigae vyeupe pande zote, safi kuliko jiko la mtu. Masalu alikuwa amesimama pembeni yake, mzee wa jembe, koti la kuazima, macho mekundu. Alimwona Mwamvua anavua kandambili akajua. Alimpa mkono, akamsaidia kushuka.

Jeneza lilipofika likiwa mabegani mwa vijana wenye glavu nyeupe, aliyetangulia aliruka nyuma nusura waliangushe.

"Kuna mtu humu!"

"Kuna mwenye nyumba," alijibu Mwamvua akiwa amelala chali, mikono kifuani. "Chumba nimeshapanga mimi. Tafuteni kwingine."

Wanakijiji waliangua kicheko. Kicheko kilikuwa kimewabana tangu asubuhi, sasa kikatoka chote. Kijana wa itifaki alikuja anahema, akaita askari. Hapo Masalu aliinua mkono.

"Mtani hatolewi kwa nguvu. Mkimgusa huyu mama, mtazika wenyewe, sisi wa ukoo tunaondoka."

Wakamwita Valerian, mtoto mkubwa wa marehemu, mtu wa ofisi za Dodoma, suti nyeusi, miwani nyeusi. Alichuchumaa ukingoni, akatoa pochi.

"Weka pesa zako," alisema Mwamvua. Akakaa kitako, akaligeukia jeneza. "Salamba, mtumwa wangu! Kufa umekufa peke yako, magari umekuja nayo kama unahama. Nimesikia huna makuu. Vigae hivi ni vya nini, unafungua bucha? Nimesikia umewapenda wachimbaji wadogo. Basi vizuri, nimekuletea mmoja." Sauti yake ilibadilika, kicheko kikakatika. "Siku uliyokufa wewe, alikufa Mageni mwana wa Suzana, huko Rwamgasa, chini ya kifusi. Mpaka sasa yuko Geita hana pa kupandia, kwa sababu gari lake limekuja kukubebea viti. Nataka gari moja likamlete kwa mama yake. Nikipata gari natoka."

Kisha mwanamke mmoja akapiga kigelegele, na wengine wakadakia. Valerian alitazama kamera, akavua miwani.

"Mama, gari mtapata," alisema kwa sauti ya kusikika hadi hema la kitaifa. "Kesho asubuhi. Naahidi mbele ya baba yangu na mbele yenu wote."

Makofi yalilipuka. "Huyo ndiye mwana wa baba yake!" alipiga kelele mtu. Na Mwamvua, magoti yakiwaka moto, jua limempiga, makofi yamemlewesha, alinyoosha mkono akavutwa juu.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa hilo hakuna mtu wa pwani wala wa bara ambaye angemfafanulia zaidi ya anavyolijua mwenyewe. Mzee Kondo alimfundisha tangu utotoni: mtani hudai kinachoshikika. Kuku aliye hai. Jembe. Chumvi kiganjani. Ahadi haijawahi kumtoa mtani kaburini tangu dunia iumbwe. Alipaswa kudai ufunguo wa gari na dereva wake, pale pale, jeneza likiwa bado juu. Alidai gari akapewa maneno, akatoka.

"Kesho asubuhi," alimwambia Suzana jioni ile. Suzana aliwaita shemeji zake, wakachimba kaburi nyuma ya nyumba. Mahindi yakaazimwa, ugali ukapikwa kwa wachimbaji wa kaburi, watu wakakaa.

Gari halikuja. Mwamvua alipiga simu ya Valerian, ikapokewa na dada mmoja mwenye sauti ya asali aliyesema mzee yuko kikaoni. Mchana ikawa bado yuko kikaoni. Jioni simu haikupatikana. Alimtafuta kijana wa itifaki, naye akamwambia, bila ubaya wowote, kwamba suala la gari halikuwa kwenye ratiba. Masalu alisema mtoto huyo wa kaka yake amerudi Dodoma alfajiri, na yeye mwenyewe ana baiskeli tu.

Kilichokuja badala ya gari ni umaarufu. Video ya Mwamvua akiwa kaburini ilizunguka kwenye simu za nchi nzima. "Chumba nimeshapanga mimi!" Madereva wa bodaboda walimwimbia akipita. Watu wa Dodoma na Dar es Salaam walicheka mpaka wakatoa machozi. Alipooneshwa video hiyo kwa mara ya kwanza, alisubiri ifike kwa Mageni. Haikufika. Iliishia kwenye bucha.

Mtangazaji wa redio aitwaye Blessing alimwalika studio, akamvika vile vya masikioni, akamtambulisha kwa wasikilizaji kama mchambuzi wetu wa leo.

"Mama Mwamvua, wewe umemfahamu hayati Salamba kwa namna ya kipekee. Tutamkumbuka kwa lipi?"

"Kwa gari," alisema Mwamvua. "Mwanawe aliahidi gari mbele ya maiti yake. Kuna kijana anaitwa Mageni, yuko Geita..."

"Tutarudi huko, mama. Lakini kwa ufupi, hayati alikuwa mcheshi?"

"Mwanangu, ile video yenu mmemkata kijana wangu. Kwa nini?"

"Ilikuwa ndefu, mama. Watu hawaangalii kitu kirefu. Turudi kwa hayati."

Mwamvua alivua vile vya masikioni akaviweka mezani taratibu, maana alijua akivirusha watamrekodi. Nje alikaa kwenye ngazi akalia kwa hasira. Alikuwa amesema yote, kwa sauti, mbele ya nchi, na nchi ilikuwa imecheka.

Nyumbani kwa Suzana wazee walikuwa wameanza kunung'unika. Kaburi haliachwi wazi hivihivi, walisema. Likikosa wake litaita mwingine. Suzana hakumlaumu jirani yake kwa neno hata moja. Angemlaumu ingekuwa nafuu. Alikuwa anatoka tu kila liliposikika gari barabarani, anasimama mlangoni, anarudi ndani.

Mwishowe Mwamvua alimpigia Yasini, dereva wa lori linalomletea dagaa kutoka Nkome. Hakuwa ametaka kufika huko. Kumsafirisha mtu na magunia ya dagaa ni aibu, na wachimbaji wenzake Mageni walikuwa wameshalitaja jambo hilo wakalikataa wenyewe.

"Shangazi, mimi nitampitia, njia ni ileile," alisema Yasini. "Lakini harufu, shangazi. Watu watasemaje?"

"Mtoto huyo kakua chini ya meza ya dagaa. Mlete."

Lori liliingia mtaani adhuhuri. Jeneza lilikuwa juu ya magunia, limefungwa kwa kamba ya manila, limewekewa tawi la mwarobaini. Wanawake walipokea kwa kilio. Lakini pembeni ya wafiwa palikuwa na watu wengine, vijana wasiojulikana na mtu, walioacha shughuli zao mjini kwa kusikia kwamba leo mtani yule anazika tena. Simu zilikuwa juu.

"Mama, ingia! Sema chumba nimeshapanga!"

"Mama, huku, geuka huku!"

Mwamvua aliwageukia. "Mmemjua huyu aliyelala hapa? Jina lake nani?" Simu hazikushuka. "Basi zimeni, wajinga nyie." Wachache walizima. Wengine walirekodi na hilo pia.

Alikaa chini kati ya wafiwa, akaazimia kutofungua mdomo. Utani wake wote aliumaliza kwa Salamba, tena bure, na alikuwa anaona haya. Mchungaji alisoma, akamaliza. Vijana wakanyanyua jeneza. Ndipo Suzana alipotoka mahali pake, akaja akasimama mbele yake.

"Mtani, mbona umekaa? Mheshimiwa umemtania. Mwanangu yeye hana wa kumtania?"

Mwamvua alimtazama. Hakukuwa na lawama usoni mwa Suzana, ni swali tu. Kwa Msukuma, anayezikwa bila mtani kazikwa kama mtu aliyeokotwa njiani. Akainuka, akavua kandambili, akashuka kwenye kaburi la udongo mbichi akiwa ameshikwa na watu wawili.

"Mageni," alianza. "Mageni, mtumwa wangu. Mvivu wewe. Nilikutuma dagaa Nkome ukasema utapitia dhahabu kwanza." Wazee walicheka kidogo, kwa heshima. "Umepanda juu ya mzigo wangu bila kulipa nauli. Umeniharibia biashara, maana nani atanunua dagaa walioketiwa na..." Alishika ukuta wa udongo, akalia mbele ya simu zote zile.

Watu wakarudi nyuma, wakamwacha yeye na Suzana, mmoja chini, mmoja ukingoni.

"Unadai nini, mtani?" aliuliza Suzana, kama desturi inavyotaka.

Mwamvua alitafuta cha kudai kwa mwanamke yule aliyeazima hata mahindi ya msiba wake. Kwa Salamba alijua la kusema.

"Wewe sikudai kitu."

"Hapana. Utatokaje?" Suzana alifungua kanga iliyokuwa tumboni mwake, akaikunja, akainama, akainyoosha mpaka ikagusa mkono wa mwenzake. "Shika. Mimi siahidi."

Mwamvua akaipokea, akatoka.